Wana Kumi na Tisa wa Ukumbi wa Tatu

Programu ilikwama saa mbili na dakika arobaini asubuhi, jua likiwa bado halijawa la kuua.

Matinde alikuwa amesimama mbele ya skrini, akiyumba taratibu kulia na kushoto kumbembeleza Nyangi, binti yake wa miezi saba, aliyefungwa mgongoni kwa khanga. Majina ya watu wa Ukumbi wa Tatu yalikuwa yakishuka mbio kama mchele unaomiminwa kwenye ungo. Ghafla yakasimama. Chini kabisa ukabaki mstari mmoja mwekundu:

KOSA: kitu tupu hakina 'ukumbi'.

"Nini tena hicho?" aliuliza Bwana Kisiri kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi. Ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha mitambo cha mlima wa Nyabirongo, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, ila siku hiyo upole ulikuwa umeanza kumwishia.

"Fanksheni imerudi mikono mitupu."

"Itume tena."

"Nimeituma mara tatu, mzee."

Kisiri akasogea dirishani. Chumba kilichimbwa ndani ya mwamba, juu kidogo ya mlango mkuu wa mlima, na kutoka pale uwanja wote ulionekana. Watu zaidi ya elfu sita walikuwa wamejipanga kwenye mawe na magodoro yaliyokunjwa vichwani, ndoo, majiko, watoto wamefunikwa majani ya migomba. Wimbi la joto lilitarajiwa saa sita na nusu mchana: nyuzi hamsini na tano, kwa siku kumi na moja. Mwaka wa kwanza wa Mawimbi, mbuzi walikufa wakiwa wamesimama. Hakuna mtu pale uwanjani aliyehitaji kukumbushwa.

"Una mpaka saa tano," alisema Kisiri. "Tukifungua baada ya hapo, hawatamaliza kuingia."

Alisema hivyo bila kugeuka, na chai yake ikawa inapoa.

*

Hapo awali, kabla Matinde hajaolewa, watu walikuwa wakipangiwa kumbi za ndani ya mlima kwa kura. Kura ikamtupa mume Ukumbi wa Kwanza na mkewe wa Nne, na watu wakashikiana mapanga mlangoni huku joto likiwajia. Ndipo wazee na mafundi wakakaa wakakubaliana kwamba kila mtu ataingia kupitia mzizi wake. Koo zote zikaandikwa kwenye daftari moja kubwa la mtambo, likaitwa Mti. Kila mwasisi wa ukoo akapewa ukumbi, na kila aliyetoka kwake, hata awe wa kizazi cha kumi, akawa wa ukumbi huo.

Kazi ya kumpata mwasisi ilifanywa na fanksheni fupi kuliko orodha ya sokoni:

def mzizi(mtu):
    if mtu.mwasisi:
        return mtu
    if mtu.mume:
        return mzizi(mtu.mume)
    if mtu.baba:
        return mzizi(mtu.baba)

Inamchukua mtu, inamuuliza: wewe ndiye mwasisi? Kama ndiye, kazi imekwisha. Kama siye, inapanda kwa mumewe, au kwa baba yake, na huko inajiita yenyewe upya, inauliza swali lile lile, ngazi kwa ngazi, mpaka ifike juu. Kisha jibu linateremshwa kutoka mkono hadi mkono mpaka kwa aliyeuliza.

Matinde alijifunza haya kwenye masomo ya jioni, mimba ikiwa ya miezi sita, akikaa upande upande kwenye dawati la watoto wa darasa la pili. Mwalimu wake alikuwa akisema fanksheni ni kama mtu uliyemtuma dukani. Asipokuta kitu, arudi aseme hakuna. Asije akakusimamia tu mlangoni akikutazama.

Na hii ilikuwa ya kusimama mlangoni. Mtu asiye mwasisi, asiyeandikiwa mume wala baba, hakuwa na mstari wake. Fanksheni ikimfikia huyo, inaishiwa na maneno, inarudi kimya, na kimya hicho Python, lugha ya mtambo, hukiita None. Hakipigi kelele hapo kinapozaliwa. Kelele hupigwa mbali, na mwingine kabisa, anayekwenda kuuliza ukumbi wa kitu ambacho hakipo.

"Lakini mtu asiye na baba ametoka wapi?" Kisiri aliuliza. "Ameanguka?"

"Ngoja nimwone ni nani."

Akaongeza mstari mmoja wa kuchapisha jina la kila mtu kabla fanksheni haijaanza kumpandia, akaiwasha tena. Majina yakamiminika. Yakasimama. La mwisho lilisomeka:

SABAI WA MOKAMI, miaka 14.

Matinde akaacha kuyumba. Nyangi akalalamika mgongoni.

"Unamjua?"

"Mdogo wangu," alisema. "Tumbo moja."

*

Mokami, bibi yake, alifiwa na mume akiwa na mabinti watupu. Mabinti wakaolewa, mji ukabaki bila wa kuuendeleza. Basi akafanya kama walivyofanya wanawake wengine wa Kikurya kabla yake. Alitoa ng'ombe, akaoa. Alimwoa msichana aitwaye Robi, aliyekuja kuwa mama yake Matinde, kwa niaba ya mwanawe wa kiume. Mwana huyo hakuwahi kuzaliwa.

Hiyo ndiyo nyumba ntobhu. Watoto aliowapata Robi walikuwa wa mwana yule, na kwa hiyo wa mji ule. Mwanamume aliyekuja na kuondoka hakuulizwa, wala hakutajwa; kumtaja ni kuivunjia nyumba heshima. Karani wa Mti alipofika na mashine yake, akauliza, "Baba wa watoto hawa nani?" Robi akamjibu, "Watoto ni wa nyumba hii." Karani akaacha nafasi ya baba wazi. Alipotaka kumwandika Mokami kuwa mume wa Robi, mashine ikamkatalia jina la mwanamke. Akaacha hapo pia wazi, akanywa uji, akaenda mji unaofuata.

Miaka yote haikudhuru. Mlangoni alikuwa akisimama binadamu, mzee mmoja aliyewajua watu kwa nyuso, na Robi akifika na watoto wake aliwapungia tu mkono wapite. Mwaka huu mzee yule alipumzishwa. Mlango ukaachiwa uwasome watu wenyewe.

Matinde mwenyewe alikuwa salama. Alikuwa ameolewa, fanksheni ilimpandia kupitia mume, na Nyangi kupitia baba. Lakini mama yake na wadogo zake wanne walikuwa wamesimama pale chini kwenye mawe, wakijua kwamba wana ukumbi.

"Sogea," alisema Kisiri.

Akainama juu ya kibodi, akaandika mistari miwili kwa vidole viwili. Kama mzizi ni None, ruka, endelea na anayefuata. Akaiwasha. Majina yakashuka, yakashuka, yakafika mwisho bila kukwama.

WALIOPANGWA: 6,204. MAKOSA: 0.

"Umeona?" Akapangusa paji la uso. "Sifuri. Fungua mlango, twende tukanywe maji."

"Uwanjani tumehesabu watu elfu sita mia tatu arobaini na saba."

Kisiri akaitazama tena namba ya kwenye skrini.

"Wamepungua mia moja arobaini na watatu, mzee. Nyumba kumi na tisa. Si sisi peke yetu."

"Wapandishe kwa mama zao, basi."

"Mke akishaolewa tawi la kwao linakatwa. Mama zao nao ni tupu."

"Hawajakataliwa, Matinde. Wamerukwa."

"Tofauti yake ni nini kwa mtu aliyebaki nje?"

"Tofauti ni kwamba hakuna aliyewakataa." Alisema taratibu, kama anayemweleza mtoto, na Matinde aliona kwamba alikuwa akijieleza mwenyewe. "Mimi sikuwakataa. Wewe hukuwakataa. Kwenye ripoti hakuna kosa. Ukiuacha mstari mwekundu, hawa elfu sita wote wataiva pale nje. Unataka hivyo?"

"Sitaki hivyo. Nataka kuwaandika baba zao."

"Baba ambao hawakuzaliwa."

"Ndiyo."

Kisiri akainua kidole kuelekea ukutani. Hakuwa na haja. Kibao kile kilikuwa kwenye kila chumba cha Nyabirongo: ATAKAYEMWANDIKA MTU HEWA ATAFUTWA KWENYE MTI, YEYE NA ALIOWAZAA. Na haikuwa sheria ya ukatili mtupu. Mwaka wa pili wa Mawimbi watu walijiandikia ndugu wa kubuni ili wapate vitanda vya kuwekea mizigo yao, na watu wenye damu wakalala nje, wakapatikana asubuhi.

"Yeye na aliowazaa," alirudia Kisiri. "Mama Nyangi. Nikikuita hivyo unanielewa?"

Alimwelewa. Alihisi pumzi ya mtoto shingoni, ndogo, yenye joto, ikija na kwenda. Ukaguzi ungepita baada ya Wimbi. Wangelisoma daftari la mabadiliko, wangeliona jina la mwandishi, na Wimbi lijalo yeye na Nyangi wangefika mlangoni na kuambiwa hawapo. Mistari miwili ya Kisiri haikuwa na hatari hiyo. Haikuwa na jina la mtu. Mama yake angesogea mlangoni, kiganja chake kingesomwa, taa isingewaka wala kuzima, na Robi, kwa jinsi alivyokuwa, angedhani kosa ni lake. Angejipangusa kiganja kwenye gauni na kujaribu tena.

Hilo ndilo lililomwamulia Matinde. Ile ya kujipangusa kiganja.

"Nipe redio ya upepo," alisema.

Kisiri akaitoa kiunoni, akaiweka mezani badala ya kumpa mkononi. "Nakwenda kunawa uso," alisema. "Nitakawia kidogo. Mambo utakayoandika mimi sikuyaona."

*

Mlinzi wa uwanjani alimpata Mokami bila shida, akampa redio yake. Alikuwa mbele kabisa, amekalia ndoo yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huko juu mnapika makande au? Mawe yameanza kutuchoma matako."

"Bibi, nataka jina la baba yangu."

Redio ikakoroma.

"Miaka ishirini na sita umekaa na swali hilo," sauti ya Mokami ilirudi, ya chini, "unakuja kuniuliza kwenye redio, uwanja mzima unasikia? Huna adabu wewe."

"Simuulizii yule mwingine. Huyo simtaki. Namuulizia mwanao."

Matinde alitazama dirishani na kumwona, kitambaa chekundu kichwani, redio ameishika kwa mikono miwili kama kikombe.

"Nyamhanga," alisema bibi. "Nyamhanga wa Gibai. Angekuwa mrefu, maana baba yake alikuwa anainama kila mlango. Mvivu kidogo. Nilimwona mvivu, wa kulala mpaka jua litoke. Lakini mkarimu."

Matinde akaandika. Jina: Nyamhanga. Baba: Gibai. Kuzaliwa: akaacha wazi, kama walivyoachiwa wahenga wengi. Mke: Robi. Watoto: Matinde mwenyewe, Sabai, na wengine watatu. Mashine ikauliza, MWANDISHI? Akaandika jina lake, herufi kwa herufi, bila kulifupisha.

"Bibi, waite na wengine. Wote wenye nyumba kama yako. Waje mmoja mmoja."

Wakaja na majina ya wana wao. Muniko. Ryoba. Sasi, ambaye alikuwa na wake wawili na mama yake akasema alistahili watatu. Mahende. Mkwe mmoja alikuja badala ya mama mkwe aliyefariki, akasema, "Alinitajia siku ya mwisho, akaniambia nisimsahau mume wangu." Foleni ilikuwa imesogea kusikiliza. Mwanamume mmoja mwenye godoro la mistari akapaza sauti, "Eti bibi, na huyo wako ana ndevu?"

"Anazo kuliko wewe! Na hajawahi kukimbia deni la pombe!"

Uwanja ukacheka. Ilikuwa saa nne na nusu, na kicheko kilikuwa kama maji.

Wa mwisho alikuwa mwanamke mwembamba aliyeitwa Wankuru. Alisogeza redio mdomoni, akaiondoa, akairudisha.

"Mimi sikumpa jina," alisema. "Niliona aibu. Nilisema nikimpa jina nitaanza kumngoja."

"Hakuna haraka, mama," alisema Matinde, ingawa haraka ilikuwepo.

"Mwandike Magesa," alisema Wankuru. "Ndiyo. Magesa."

Matinde akaifuta mistari ya Kisiri, akaiachia fanksheni. Ilipofika kwa Sabai haikusimama. Ilipanda kwa Nyamhanga, mtu asiye na siku ya kuzaliwa, ikamuuliza kama ni mwasisi, akasema siye, ikapita kwa Gibai, ikaendelea juu mpaka kwenye mzizi, ikarudi na ukumbi mkononi.

WALIOPANGWA: 6,366. MAKOSA: 0.

Saa tano kamili mlango wa Nyabirongo ulifunguka, na watu wakaanza kuingia kwenye baridi kwa mistari kumi.

Namba ile aliiona. Elfu sita mia tatu sitini na sita. Aliiona, na kwa kuwa haikuwa ndogo kuliko watu wa uwanjani, hakuitilia maanani.

*

Saa sita na dakika nane uwanja ulikuwa mtupu. Kilibaki kiatu kimoja cha mtoto na majani ya migomba yanayojikunja yenyewe. Mlango ulikuwa bado wazi.

Kisiri aliingia mbio. "Kwa nini haufungi?"

Kwenye skrini, hesabu ya mlango wenyewe ilisomeka: WALIOINGIA 6,347. WANAOSUBIRIWA 19.

Matinde akafungua rekodi ya Nyamhanga. Kuzaliwa: tupu. Kifo: tupu. Na kwenye Mti, mtu asiye na tarehe ya kifo yu hai. Aliyesafiri husomwa kwenye mlima mwingine; aliyekufa ana tarehe yake, hata ya kukisia; hakuna njia ya tatu. Alikuwa amewaumba wanaume kumi na tisa wazima, na mlango ulikuwa ukiwasubiri waje.

"Ufunge kwa nguvu!"

"Hauna kitufe, mzee. Mlikitoa."

Walikitoa baada ya mwaka ule wa kwanza, mtu mmoja alipoufunga kwa woga watu mia nane wakiwa nje. Hesabu ya mlango ilichomelewa ndani ya chuma chake, haiguswi mpaka Wimbi lipite. Kilichoweza kuguswa ni Mti tu.

"Waandike wamekufa. Haraka!"

"Kifo kinataka kiganja," alisema Matinde, akiwa tayari ameshika tableti na anashuka ngazi. Hiyo nayo ilikuwa kinga, ili mtu asimuue jirani yake kwenye daftari apate kitanda. Kifo kilithibitishwa na ndugu wa karibu kuliko wote. Na hawa ndugu wa karibu walikuwa mama zao.

Chini, joto lilikuwa limeshaingia. Halikuja kama upepo, lilijitandaza sakafuni kama maji na kupanda magotini. Kipimo cha ukutani kilionyesha nyuzi thelathini na tatu, wakati anakitazama kikawa thelathini na nne. Watu walikuwa wamesogea nyuma kabisa ya ukumbi, wazee wamelazwa kwenye sakafu ya mawe. Mama yake, Robi, alikuwa akimpepea mtu asiyemjua kwa kifuniko cha sufuria.

Mokami alikuwa karibu na mlango, amekalia ndoo ile ile. Matinde akapiga magoti mbele yake, akaeleza. Hakueleza vizuri. Alisema mlango, tarehe, kiganja, akasema samahani mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Saa nne umenifanya nimtaje mbele za watu," alisema. "Mara ya kwanza tangu nizaliwe. Saa sita unataka nimzike."

"Ndiyo, bibi."

"Hajamaliza hata nusu siku."

"Najua."

"Hujui. Wewe wako unambeba."

Khanga ilikuwa imelowa, na Nyangi alikuwa ameacha kulia, jambo lililomtisha Matinde kuliko kilio. Nyuma ya Mokami wanawake wengine walikuwa wamesogea, wazee kumi na saba na mkwe mmoja, wakisikiliza. Hakuna aliyewasukuma. Yule mwenye godoro la mistari alifungua kinywa, akamtazama Wankuru, akakifunga.

Mokami akanyoosha mkono, akaugusa mguu wa Nyangi uliotokeza kwenye khanga. Akauacha mkono pale.

"Akifa," aliuliza, "watoto watabaki kuwa wake? Hawatarudi kuwa si wa mtu?"

Matinde aliipitia fanksheni kichwani, mstari kwa mstari, kwa sababu hili hakutaka kulijibu kwa huruma tu. "Watabaki. Haiulizi kama baba yu hai, bibi. Inauliza kama yupo."

"Basi andika." Sauti yake ilikuwa kavu. "Andika amekufa leo, hapo mlangoni. Alikaa nje mpaka watu wake wote wakaingia. Niandikie hivyo hivyo."

Hapakuwa na nafasi ya kuandika sababu. Matinde akaiandika kwenye nafasi ya maelezo. Mokami akaweka kiganja.

WANAOSUBIRIWA 18.

Mama wa Muniko akaja. Mama wa Ryoba. Mama wa Sasi alishikwa mabega na wakwe zake wawili. Kumi na nne. Tisa. Nyuzi thelathini na nane. Mmoja aliomba aseme kwanza neno la kumuaga, akalisema kwa Kikurya, akaweka kiganja. Kila rekodi ilikuwa na nafasi ya shahidi, ambayo Matinde alikuwa akiiacha wazi, na ilipofika ya tano mkono mnene ulipita juu ya bega la Matinde, ukaanza kuandika jina, moja baada ya jingine, kwa kidole kimoja: Kisiri. Kisiri. Kisiri. Hawakutazamana. Kwenye ukaguzi sasa wangekuwa wawili.

Wankuru alibaki wa mwisho. Alisimama akiitazama tableti, midomo inacheza, na Matinde akaona kwamba alikuwa akilirudia jina kimoyomoyo, kulizoea kabla ya kulitoa. Hakumharakisha. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na sita, kwenye uwanja hewa ilikuwa inatetemeka kama ya juu ya jiko, na bado hakumharakisha.

Kiganja kikashuka.

Mlango ukatikisika, ukateleza, ukajifunga kwa sauti nzito iliyopita miguuni mwa kila mtu. Giza kidogo, halafu taa. Halafu, mbali ndani ya mlima, feni kubwa zikakaza mwendo.

Hakuna aliyeshangilia.

Mokami alishuka kutoka kwenye ndoo akakaa chini, miguu ameinyoosha. Akakivua kitambaa chekundu, akakilaza mapajani. Kisha akapiga kilio, kile kirefu cha msibani kinachoanza na jina, "Nyamhanga ee, Nyamhanga wangu," na wengine kumi na wanane wakakipokea, kila mmoja na jina lake, mpaka ukumbi wote uliochongwa kwenye mwamba ukajaa wanaume ambao hakuna aliyewahi kuwaona.

Watu walisimama wasijue la kufanya. Kisha yule wa godoro la mistari akapita katikati yao, akalitandika godoro lake pembeni ya Wankuru. "Pole kwa msiba, mama," alisema. "Kaa hapa, sakafu ni baridi." Akavua kofia, akakaa chini naye. Wanaume wengine wakasogea, wakakaa kwa makundi kama wanavyokaa nje ya nyumba ya matanga, na wanawake wakaanza kuulizana nani ana unga, nani ana majani ya chai.

Matinde alimshusha Nyangi mgongoni, akamlaza kifuani, akampuliza shingoni. Mtoto akafungua macho, akakunja uso, akalia kwa hasira kamili. Matinde akacheka. Zilikuwa siku kumi na moja mpaka ukaguzi. Angezihesabu baadaye.

Mlinzi wa uwanjani alikuwa akipita akipeana mkono na wafiwa mmoja mmoja. Alipofika kwake akasita, akamtazama Robi, akamtazama Sabai, akaelewa.

"Na wewe dada," alisema, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana kwa kufiwa na baba."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno lolote kuhusu baba. Matinde akafungua mdomo kumwambia kwamba amekosea, kwamba ni mambo ya rekodi tu.

"Asante," alisema. "Alikuwa mrefu."